Lita tano zisizoonekana: kisa cha pumba na ng'ombe wanane wa Muheza

Shamba lipo wilayani Muheza, mkoani Tanga, upande wa chini unaoshuka kuelekea baharini, ambako michungwa inaanza kuiachia nafasi minazi. Mwenye shamba ni mama aliyerithi minazi ya wazee wake pamoja na kipande cha mkonge wa zamani kilichogeuka pori la nyasi. Humo ndimo wanamochungwa ng'ombe wake wanane wa kukamuliwa, wote chotara wa Friesian, ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya, na Boran wa Afrika Mashariki, kilo 380 hadi 420 ukiwapima kwa mkanda wa kifua. Maziwa ya asubuhi huenda kituo cha kukusanyia, ya jioni huuzwa kijijini.

Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Bwana mifugo, pumba zinaisha, maziwa hayaji."

Kila ng'ombe alikuwa anapata kilo nne za pumba za mahindi kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni. Masika au kiangazi, aliyezaa juzi au anayekaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla hajazaa tena, kipimo kilikuwa kilekile. "Wote wangu, nawagawia sawa," alisema, na kwa mwenye watoto wengi ni jibu linaloeleweka. Daftari lake la maziwa, ambalo wafugaji wengi wangefaa kuwa nalo, lilionyesha lita 48 kwa siku kwa kundi zima wakati wa mvua, yaani sita kila mmoja. Januari, jua likiwa limeshakausha majani ya vuli, kundi lilikuwa linatoa lita 32, nne kila mmoja.

Kabla ya kutaja dawa yoyote nilifanya hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji takribani megajuli 45 za nishati kwa siku ili aishi tu bila kukonda. Mwongezee kutembea malishoni, weka 50. Kila lita ya maziwa inadai megajuli tano juu ya hizo. Nyasi changa za masika, ukishaziondolea maji, zina kama megajuli nane na nusu kwa kilo, na ng'ombe huyu akishiba hula kilo 10 hivi za uzito huo mkavu. Hapo ana 85. Toa 50, gawa kwa tano: lita saba, bila konzi hata moja ya pumba. Huyu mama alikuwa anapata sita, na pumba juu.

Kiangazi nyasi hushuka hadi megajuli saba kwa kilo, na ng'ombe hula pungufu, tuseme kilo nane. Hizo ni 56, ambazo baada ya kuilisha nafsi ya ng'ombe zinabakiza maziwa ya lita moja na kitu. Ongeza kilo nne za pumba zenye megajuli 10 kila moja, unafika 96, na karatasi inakuambia utegemee lita tisa. Ndoo ilikuwa inasema nne.

Basi kazi ikawa kuzitafuta lita tano. Hesabu za namna hii hazikosi kuzidisha, kwa sababu pumba za mashine hii si pumba za mashine ile na chotara hafanani na chotara mwenzake, lakini pengo la zaidi ya nusu halielezwi na pumba mbovu peke yake. Nilizifikicha mkononi na kuzinusa: hazikuwa na ukungu, unga ulikuwepo wa kutosha, maganda ya kawaida.

Jibu la kwanza lilikuwa getini. Ng'ombe walitolewa saa tatu asubuhi, baada ya maziwa kwenda kituoni na mchungaji kunywa chai, wakarudishwa saa kumi. Kwa hiyo malisho yao yote yaliangukia saa za jua kali la pwani, saa ambazo damu ya Friesian inatafuta kivuli na haitafuti jani. Kuanzia saa tano hadi saa nane walilala chini ya minazi wakihema. Ilipofika saa tisa wakajipanga getini. "Hapo hata ukiwachapa hawarudi malishoni," mchungaji alisema, "wanajua pumba ziko karibu."

Wafugaji wengi huidharau habari ya saa za kula, na mimi naiweka mbele ya habari ya gunia. Mtafiti T. H. Stobbs, aliyefanya kazi Uganda kabla ya kuhamia Queensland nchini Australia, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba tatizo la nyasi za nchi za joto si ubora wake tu, ni namna zilivyosimama. Nyasi ndefu zina majani machache yaliyotawanyika kwenye mashina. Ng'ombe hulichagua jani, na kila ng'ato inakuwa ndogo. Alikadiria kuwa ng'ombe hawezi kupita ng'ato 36,000 kwa siku. Kila ng'ato ikileta theluthi moja tu ya gramu, kiasi cha kawaida kwenye malisho yaliyokomaa, siku nzima ya kazi haizidi kilo 12. Huyo ni ng'ombe aliyepewa siku nzima. Hawa wa Muheza walikuwa na saa tatu za maana.

Na pumba zilikuwa zinapunguza hata hizo. Ng'ombe aliyeahidiwa kilo mbili za wanga laini jioni hana sababu ya kuhangaika na shina gumu saa tisa alasiri. Kilo ya pumba inaingia, na sehemu ya kilo ya nyasi inabaki shambani. Ndiyo maana kwenye malisho ya nchi za joto kilo moja ya chakula cha ziada, ambayo kwa hesabu ya nishati ingeleta lita mbili, mara nyingi huleta kati ya nusu lita na lita moja. Anayekuuzia gunia atakutajia lita mbili.

Jibu la pili lilihusu aina ya chakula chenyewe. Nyasi za Januari huwa na protini ya asilimia tano hivi. Chini ya asilimia saba vijidudu vilivyo katika tumbo kubwa la ng'ombe, ambavyo ndivyo vinavyovunja nyuzi za majani, vinakosa cha kujijengea. Kazi inapungua kasi, nyasi zinakaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe anaonekana ameshiba ilhali ana njaa. Hapo hawezi kula zaidi kwa sababu hana pa kuweka. Kilo nane za nyasi zilikuwa zinampa gramu 400 za protini, na kilo nne za pumba gramu 360. Jumla 760, katika siku ambayo ng'ombe wa lita nane anahitaji gramu elfu moja na zaidi. Alikuwa anaongezewa nguvu pale alipokosa protini.

Hilo lilionekana kwenye kinyesi kuliko kwenye daftari. Kilikuwa kigumu, kimejipanga tabaka juu ya tabaka, na vipande vya mashina vikionekana wazi ndani yake. Ng'ombe mwenye tumbo linalofanya kazi hawezi kutoa kinyesi cha namna hiyo.

La tatu lilikuwa ule usawa. Watatu walikuwa wamezaa ndani ya miezi miwili, watatu walikuwa katikati ya ukamuaji, wawili walikuwa na mimba kubwa wakingoja kukaushwa. Wale wawili walikuwa wamenona, mapaja yamejaa, mkia umezama katika mafuta. Wale watatu wachanga, yaani waliozaa karibuni, mbavu zao zilihesabika kutoka barabarani. Chotara mwenye damu ya Boran akiwa mwishoni mwa ukamuaji, kilo ya ziada anaiweka mgongoni. Haipotei, maana ataihitaji akizaa, lakini si wakati ambapo mwenzake aliyezaa juzi anakula mwili wake mwenyewe ili ajaze ndoo. Tena hori lilikuwa moja refu, na ng'ombe mmoja mweusi mwenye pembe alimaliza la kwake haraka na kuhamia kwa jirani. Kwenye daftari wote walikula kilo nne. Horini hapakuwa na kitu kama hicho.

Tulianza na mambo yasiyohitaji fedha. Ukamuaji ukasogezwa hadi saa kumi na moja alfajiri, ng'ombe wakatoka saa kumi na mbili, wakarudi kivulini saa nne, wakatoka tena saa tisa hadi giza. Mchungaji alipinga kwa hoja ambayo si ya kupuuza: umande huleta minyoo. Ni kweli kwamba viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye jani lenye unyevu, na ndiyo sababu ndama hawakuguswa na ratiba hii, walibaki bandani hadi jua litoke. Ng'ombe wakubwa huihimili minyoo vizuri zaidi. Kwa kupe ratiba ya kuogesha ilibaki vilevile, kwani ndigana kali haichagui saa ya malisho.

Maji nayo. Walikuwa wakinywa mara moja adhuhuri, mtoni. Ng'ombe wa maziwa kwenye joto la Tanga hunywa lita 50 na zaidi kwa siku, na asiyekunywa hali. Pipa lililokatwa kwa urefu likawekwa chini ya minazi wanapopumzikia.

Kisha tukaingia kwenye protini. Ua la shamba upande wa kaskazini lilikuwa lote lukina, miti ya jamii ya kunde ambayo majani yake ni malisho, mirefu, isiyokatwa kwa miaka, na mchungaji aliichukulia kuni. Mwaka 1992 mdudu mdogo wa lukina alifika Afrika Mashariki akaikausha miti pwani nzima, na wakulima wengi waliikatia tamaa tangu hapo. Hii ya Muheza ilikuwa imechipua tena. Majani yake yana protini ya asilimia 20 na ushei. Tulikata mashina hadi kimo cha kiuno ili yachipue chini, na kila ng'ombe akapewa kilo nne za majani mabichi kwa siku, ambazo zinaleta takribani gramu 240 za protini bila kulipa senti. Tulizipeleka baada ya kukamua, si kabla, kwa sababu harufu yake huingia kwenye maziwa na kituoni watanusa. Kipimo hakipaswi kuzidi theluthi ya chakula chote. Ndani ya lukina kuna sumu ya mimosini, na anayelishwa lukina tupu hunyonyoka singa za mkia.

Mashudu ya alizeti yalinunuliwa kwa mfanyabiashara anayeyaleta kutoka bara. Haya ya mashine ndogo hutofautiana sana: yenye maganda mengi yana protini ya asilimia 20, yaliyosafishwa vizuri yanakaribia 30. Tulihesabu 25. Uyanunue kwa kuyaona, yasiwe na unyevu wala ukungu, kwa kuwa sumukuvu iliyomo humo haiishii kwa ng'ombe. Hupita hadi kwenye kikombe cha mtoto.

Kuhusu urea na molasesi, mama alikataa kabla sijamaliza sentensi. Ng'ombe wa jirani yake alikufa jioni moja baada ya mvua kuingia kwenye hori la molasesi, urea ikayeyuka, akanywa yale maji. Nilikubaliana naye. Urea ni protini rahisi kwa tumbo la ng'ombe aliyezoeshwa taratibu, gramu 100 kwa siku au chini ya hapo, ikichanganywa sawasawa na kitu chenye sukari. Kwenye banda lisilo na paa zuri na mchanganyaji anayebadilika kila mwezi, ni hatari isiyo na sababu, hasa ukiwa na ua zima la lukina. Atakayeitumia awe na siki na maji baridi karibu, na ajue dalili: ng'ombe anatoa mate, anatetemeka, tumbo linajaa upepo.

Mgao mpya ulikuwa hivi. Waliozaa karibuni kilo sita kila mmoja, nne za pumba na mbili za mashudu. Wa katikati kilo tatu, mbili kwa moja. Wale wawili walionona kilo moja ya pumba, kiasi cha kuwaingiza kwenye sehemu ya kukamulia. Lukina kwa wote. Hori likagawanywa kwa mbao, na yule mweusi mwenye pembe akafungwa wa mwisho. Jumla ya chakula cha gunia ikashuka kutoka kilo 32 hadi 29. Mabadiliko yalifanywa hatua kwa hatua kwa wiki mbili, maana vijidudu vya tumboni havizoei chakula kipya kwa usiku mmoja. Chumvi na unga wa mifupa vikachanganywa humo. Nyasi za kiangazi ni maskini wa fosforasi, na baadhi ya ng'ombe walikuwa wameanza kutafuna mifupa ya jalalani.

Maziwa yalipanda polepole kuliko mama alivyotaka. Kinyesi kililainika kwanza, kisha ng'ombe wakaanza kukataa kusimama getini mapema, na baada ya hapo ndoo ikafuata. Kabla ya mvua kuanza kundi lilikuwa kwenye lita 41. Karibu ongezeko lote lilitoka kwa wale watatu wachanga na wawili wa katikati. Wa tatu wa katikati hakuongeza kitu, na tulipompima maziwa yake tuligundua ana ugonjwa wa kiwele usioonekana kwa macho. Wale walionona walishuka kidogo sana, chini ya nusu lita kila mmoja, na hawakukonda.

Ni sehemu gani ya lita hizo tisa iliyoletwa na mashudu, na ipi ililetwa na malisho ya alfajiri? Kisa hiki hakiwezi kutenganisha, kwani vilikwenda pamoja. Kwa kuangalia namna kinyesi kilivyobadilika, mimi naipa protini nafasi kubwa. Mchungaji anaipa ratiba yake, na siku hizi anaieleza kana kwamba aliitunga yeye.

Fedha tulizihesabu kwa lita, kwa sababu bei za shilingi huzeeka haraka. Msimu ule lita moja ya maziwa kituoni ilinunua kilo mbili na nusu za pumba, au kilo moja na robo ya mashudu. Zamani kilo 32 za pumba zilikula karibu lita 13 kati ya 32, zikibaki 19. Sasa kilo 20 za pumba zinakula lita nane na kilo tisa za mashudu zinakula lita saba na kidogo, jumla 15 kati ya 41, zinabaki karibu 26. Gharama imepanda na mfuko umenenepa. Ila angalia bei ya mashudu ikipanda mara mbili, kama inavyotokea mavuno ya alizeti yakiwa mabaya: kilo tisa zilezile zitameza lita 14, na mama atabakiwa na lita 18 na nusu, pungufu ya alikoanzia. Siku hiyo mashudu yaachwe, lukina iongezwe hadi mpaka wake, na watatu wachanga tu wapate kilo moja moja. Nilimwandikia bei ya ukomo kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu, kwani muuzaji hatamwambia.

Masika yalipoanza lilikuja jambo gumu zaidi kuliko yote, la kupunguza. Mama alikuwa ameona lita 41 na hakutaka kusikia. Tukakubaliana tujaribu kwa wawili wa katikati: pumba zikaondolewa zote isipokuwa konzi ya kuwatuliza wakati wa kukamuliwa. Walishuka nusu lita siku za mwanzo, halafu wakarudi walipokuwa, kwa sababu walikwenda kula. Nyasi za wakati huo zina protini ya asilimia 10 hadi 12. Mashudu hayana kazi hapo. Kanuni tuliyoiacha ni kwamba lita saba za kwanza zinalipwa na malisho, na juu ya hapo kila lita mbili zinapata kilo moja ya pumba. Kwa hiyo masika yale waliolishwa gunia kwa maana halisi walikuwa watatu tu.

Kinachobaki ni nyasi zenyewe. Majani ya Panicum katika lile pori la mkonge hupita kimo cha mtu ifikapo Juni, mashina matupu, na nusu yake hukanyagwa bure huku Januari watu wakinunua mashudu. Mama amekubali kukata sehemu moja zikianza kutoa maua na kufunga robota kwa boksi la mbao, sentimita 85 kwa 55 kwa 45, linalotoa kilo 20 hivi za hei, yaani nyasi zilizokaushwa. Kwa ng'ombe watatu watakaokuwa na ndama wachanga Januari ijayo, kilo tatu kwa siku kwa miezi miwili ni marobota 27. Mchungaji ameshachonga boksi. Kinachosubiriwa ni siku tatu nne za jua mfululizo mwezi Juni, na pwani Juni hazipatikani kila utakapo, hivyo turubai nalo limenunuliwa.